Barua Yenye Shikamoo Nyingi

Adelard Kamugisha alikuwa na ugonjwa mmoja tu duniani, nao ni kupenda barua nzuri. Wengine hupenda tembo, wengine karata, wengine wake za watu, yeye barua. Ukimwendea na habari ya mbuzi wako aliyeibwa, ataketi barazani pale Temeke, atanyoosha karatasi gotini, atakohoa, na kabla hajamfikia huyo mbuzi atakuwa amekwisha kumsalimu mwandikiwa, mkewe, wanawe, na wote wanaomzunguka, wakubwa kwa wadogo. Majirani walimpenda kwa hilo. Walisema karani yule Mhaya katoka mbali lakini ana adabu. Mie nasema laiti adabu ile ingepungua kidogo, nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Adelard alikuwa karani wa bohari katika idara moja ya serikali mjini, na yeye na mkewe Kokuberwa walipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Mwajabu, Mzaramo, mjane, muuza vitumbua. Bi Mwajabu alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbonde, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyevunja mawe katika machimbo ya tajiri mmoja wa kizungu nje ya mji.

Siku moja kule machimboni mwenzao aliangukiwa na jiwe mguuni. Nyapara akasema hakuna kwenda hospitali mpaka kengele ya jioni. Damu inamtoka mtu, nyapara anaangalia saa! Mbonde akamsukuma nyapara akakaa chini, akampakia mwenzake kwenye rukwama, akamkokota mpaka kwa daktari. Mguu ulipona. Mbonde akapelekwa mahakamani kwa kumpiga msimamizi na kukimbia kazi, akahukumiwa miezi mitatu na viboko kumi na viwili. Kifungo kilianza siku ileile. Viboko vilingoja sahihi ya jaji.

"Kifungo tutakimeza," Bi Mwajabu alimwambia Adelard, amesimama mlangoni na mikono yake ina unga. "Gereza si kaburi. Lakini mgongo ule, baba, unaujua. Alianguka mnazini ana miaka kumi, akalala miezi minane kwenye kitanda cha kamba. Daktari alisema usipigwe tena mahali pale. Wakimchapa watamlemaza."

Adelard aliujua mgongo ule. Alimwona Mbonde kila asubuhi akichota maji, anavyojikunja kwa hadhari kama mzee. Na alikuwa na habari njema, ndiyo maana alitabasamu. Ofisini alikuwa amesoma tangazo: wajumbe wanne wanakuja kutoka baraza kubwa la mataifa kule ng'ambo, maana nchi hii Mwingereza aliishika kwa amana tu, na wenye amana yao wanataka kujua inatunzwaje. Mtu yeyote ruhusa kuwaandikia. Na tangazo lilisema hivi: barua ya malalamiko ikifika siku kumi na mbili kabla ya wao kuwasili, jambo linalolalamikiwa litasimama palepale lilipo mpaka wajumbe walisikie.

"Litasimama, mama. Hata jaji akitia sahihi, hakuna mkono utakaomgusa."

"Basi andika," akasema Bi Mwajabu. "Andika vizuri."

Loo! Angalimwambia andika vibaya.

Siku tatu Adelard aliiandika barua ile, kwa Kiingereza kilichonyooka na mwandiko wa kupendeza kama darizi ya kofia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu. Aliwasalimu wajumbe na nchi zao na wafalme wao, hata wale wasiokuwa na mfalme. Aliwapa pole ya safari ya bahari. Akaishukuru serikali kwa kisima cha Temeke, na kwa barabara, na kwa mbu kupungua. Ukurasa wa pili aliendelea kushukuru. Ukurasa wa tatu, mstari wa sita, akasema, "Pamoja na hayo yote, tunalo ombi dogo," na hapo ndipo Mbonde alipotokea.

Jumapili mchana akaisoma uwani kwa Kiswahili, watu thelathini na mmoja wakiwa wamekaa kwenye mikeka na vinu, wakingoja kutia dole gumba. Walitikisa vichwa kwa raha. Bi Mwajabu alifuta machozi kwenye mstari wa kisima.

Mtu mmoja tu alicheka. Huyo ni Kasiani, Mnyamwezi, mchukuzi wa bandarini. Sasa jueni kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara. Mtani akija msibani hulala kwenye jeneza la maiti wako, akakwambia marehemu alikuwa bahili, na huna ruhusa ya kukasirika. Anachokwambia mtani ndicho wengine wote wanachokifikiri wakanyamaza. Kasiani ndiye aliyekuja siku ya hukumu akamwambia Bi Mwajabu mbele ya watu, "Wewe kizee, ulimpeleka mwanao machimboni kwa tamaa ya kuezeka bati. Haya, umelipata bati?" Na Bi Mwajabu, aliyekuwa hajala tangu jana, akacheka, akala.

"Karani," Kasiani akasema, "mnaposa?"

"Kuposa nani?"

"Hiyo ni barua ya posa. Mimi nikiletewa hiyo namtoa binti yangu kabla sijafika mwisho. Mtoto anakwenda kuchapwa, ninyi mnasifu mbu! Mficha uchi hazai. Anza na mgongo."

Watu waliangua kicheko. Adelard hakucheka. Alikunja karatasi zake taratibu, masikio yamemwiva.

"Nyumba ya watu haiingiwi bila hodi," akasema. "Ukitaka mtu mkubwa akusikilize, mwandalie moyo kwanza."

"Mwache karani wetu, Kasiani," akasema Bi Mwajabu. "Kasoma. Wewe umesoma magunia."

Basi vidole gumba vikatiwa, barua ikapelekwa, nayo ikafika siku kumi na nne kabla. Bi Mwajabu alilala usingizi wa kwanza tangu hukumu. Mbonde, aliyetembelewa gerezani Jumamosi, aliambiwa asiwe na wasiwasi, mkono hautamgusa.

Lakini Adelard mwenyewe hakutulia. Sijui ni maneno ya Kasiani yaliyomkaa kooni. Alikuwa akila matonge mawili anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi, anakaa, anasimama tena. Alipanda baiskeli kwenda kazini akasahau kofia, akarudi kuchukua kofia akasahau baiskeli.

"Una siafu?" Kokuberwa akamwuliza.

"Nafikiri tu."

"Fikiri umekaa, waitu, bwana wangu. Unanizungusha kichwa."

Wasiwasi ukazidi ofisini walipomchagua kuwa mkalimani wa wajumbe siku watakayofika Temeke. Kiingereza chake ndicho kilichomponza. Mkubwa wake akamwapisha: utasema wanalosema, usiongeze neno, usipunguze neno, mtumishi wa serikali hana maneno yake. Adelard akaapa. Kokuberwa aliposikia akashika kiuno.

"Wakijua barua umeandika wewe?"

"Barua ina vidole vya watu, haina jina langu."

"Ina mwandiko wako. Nani mwingine Dar es Salaam nzima anaandika herufi zenye mikia hivyo?"

Jumanne ikafika. Wajumbe walikaa kwenye ukumbi wa shule, meza ndefu imetandikwa kitambaa cha kijani, na ofisa wa serikali ameketi pembeni na majalada yake. Watu walijaa mpaka madirishani. Bi Mwajabu alikuwa kwenye ngazi tangu jua kuchomoza, kavaa kanga mpya, anayarudia maneno yake midomo ikicheza.

Katibu wa wajumbe, kijana mwekundu kwa jua, akampa Adelard orodha ya watakaoitwa. Adelard akaipitia. Akaipitia tena kutoka chini kwenda juu. Kisha akageuza karatasi, na nyuma yake kulikuwa na orodha nyingine, yenye kichwa cha Shukrani. Namba tisa: *Wakazi wa Temeke, watu thelathini na mmoja. Wanaishukuru serikali kwa kisima, barabara na kupungua kwa mbu. Hakuna jambo la kusikilizwa.*

Akamwendea katibu, akamwonyesha namba ile.

"Barua hii ina malalamiko, bwana. Ukurasa wa tatu."

Katibu akaitoa kwenye kasha, akaifunua, akasoma, na uso ukambadilika. Hakuwa mtu mbaya. "Barua mia mbili na arobaini zimekuja," akasema, "na msomaji ni mimi peke yangu. Nasoma ukurasa wa kwanza nijue ni ya kundi gani. Hii... hii ilikuwa nzuri sana. Sikudhani kwamba mwenye shida anaweza kuandika hivi."

"Kwa hiyo haikupelekwa serikalini? Viboko havikusimamishwa?"

"Za shukrani hazipelekwi."

Saa nne na nusu wakaenda kunywa chai chini ya kibaraza. Adelard hakungoja. Alimshika Bi Mwajabu mkono, akamburura mpaka kwa mjumbe mmoja mrefu mwenye miwani, mtu wa nchi ambayo hata magazeti ya hapa yaliisifu kwa kupigania haki za watu. Akamweleza yote, mbio mbio, mgongo, mnazi, rukwama, viboko. Mjumbe alisikiliza kikombe mkononi, na alisikiliza kwelikweli.

"Ni jambo baya," akasema. "Nchi yangu ilikuwa ya kwanza kutaka haki za binadamu ziandikwe. Tunazisema kila tunapokwenda."

"Basi zisemwe hapa, bwana. Sasa hivi, baada ya chai. Ofisa yuko palepale."

Mjumbe akakoroga chai iliyokwisha korogwa. "Ingekuwa nchi nyingine ningesimama. Lakini Mwingereza ni rafiki yetu. Tulipigana vita pamoja, tuna mikataba naye, kuna kura tunamtegemea mwezi ujao. Rafiki hasemwi mbele za watu. Nitamnong'oneza mmoja wao nikifika kwetu, kwa wakati wake, kwa maneno mazuri."

"Anasemaje?" akauliza Bi Mwajabu.

Adelard akamtafsiria, neno kwa neno, na maneno yale aliyajua. Kwa wakati wake, kwa maneno mazuri: yalikuwa yake mwenyewe, kurasa mbili na mistari mitano.

Bi Mwajabu akamtazama mjumbe juu mpaka chini. Hakuwa na hasira, alishangaa tu.

"Muulize, huko kwao hawana watani?"

Adelard akauliza, akaeleza mtani ni nini: rafiki wa kabila zima, mwenye haki ya kukwambia ubaya wako mbele ya umma, na urafiki usivunjike, ndiyo kwanza unakaza.

"Kama ni rafiki yake," akasema Bi Mwajabu, "nani mwingine atamwambia? Adui yake? Adui akisema nani atasikia?"

Mjumbe akatabasamu. Alitoa kijitabu mfukoni, akauliza neno lile linaandikwaje, akaliandika. "Desturi ya kupendeza sana," akasema. Kengele ya kumaliza chai ikalia.

Adelard aliingia ukumbini mwili unamwasha. Aliitwa mzee mmoja kushukuru kwa shule, Adelard akamtafsiria. Akaitwa wa pili, naye akashukuru kwanza, tena kwa kirefu. Adelard alimsikiliza akaona joto linampanda kutoka miguuni, na mzee alipovuta pumzi, mkalimani alisimama. Nawaambia, mtu yule tangu azaliwe hakuwahi kufungua mdomo mbele ya watu wazima bila shikamoo.

"Mbonde, mtoto wa Mwajabu, yuko gerezani," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo Kokuberwa aliisikia kwenye dirisha la nyuma. "Amehukumiwa viboko kumi na viwili kwa kumpeleka majeruhi hospitali. Mgongo wake ulikwisha vunjika utotoni. Mkimchapa mtamlemaza. Simamisheni. Barua mnayo, ni ukurasa wa tatu. Mwandishi ni mimi."

Akayarudia kwa Kiswahili. Mwenyekiti akamgeukia ofisa wa serikali, akauliza kama anayo habari ya jambo hilo.

Ofisa akafungua jalada. Hakuwa na haraka. "Jaji alitia sahihi Ijumaa," akasema. "Hapakuwa na lalamiko lolote mezani kwetu. Adhabu ilitekelezwa jana, saa tatu asubuhi."

Bi Mwajabu alikuwa amekwisha kuingia, amesimama katikati ya mabenchi, anamwangalia Adelard. Watu wote walimwangalia Adelard. Yeye ndiye mkalimani. Aliapa asiongeze neno wala asipunguze.

"Wamemchapa jana, mama."

Mwenyekiti alisema wajumbe wanashukuru kwa maelezo. Mjumbe mwenye miwani aliivua, akaifuta, akaivaa. Kisha akaitwa mtu mwingine.

Kazi Adelard aliipoteza kabla ya wiki kwisha, na hilo nalitaja kwa kupita tu, kwa sababu hata yeye hakulijali. Alipata kibarua cha kuandika hesabu za magogo kwa Mwarabu mmoja, Nasser, mwenye duka la mbao. Kilichomtafuna ni kingine. Kila asubuhi alitoka chumbani akamkuta Bi Mwajabu mbele ya kikaango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

Basi. Hivyo hivyo, siku nenda siku rudi, sauti ileile ya heshima, na vitumbua viwili kwenye kisahani kama desturi. Hakumnunia, hakumsema kwa majirani. Adelard alitamani akivute kisahani akivunje. Akamwendea Kasiani bandarini, akamkuta kakalia gunia, akamwomba, naam, akamwomba, amtukane.

"Siwezi," Kasiani akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Wewe Mhaya. Sina utani na wewe. Kwangu mimi wewe ni heshima tu."

Baadaye lilikuja gazeti lenye habari ya taarifa ya wajumbe. Adelard alilisoma amesimama dukani kwa Nasser, kurasa zote, mpaka matangazo ya sabuni. Walisifu kisima. Palikuwa na mistari minne juu ya desturi ya kupendeza ya wenyeji wanaoitana watani. Jina la Mbonde halikuwemo.

Wiki hiyohiyo Mbonde alifunguliwa. Alikuja na fimbo. Alipofika uwani alishika ukuta kwa mikono miwili, akajishusha kidogo kidogo, mkono, goti, mkono, mpaka akakaa. Ana miaka ishirini na miwili! Mama yake alimwangalia mpaka alipomaliza kukaa, kisha akageukia kikaango, na Adelard, aliyekuwa mlangoni, akashindwa.

"Shika... Hapana. Sikusalimu leo. Nitukane, mama."

"Nikutukane kwa lipi, baba?"

"Unalijua."

"Kwani wewe mtani wangu?"

"Nifanye mtani. Nifanye chochote. Hii marahaba yako inaniua."

Bi Mwajabu akaepua kikaango. Akafuta mikono, akasimama. Hakuwahi kumwita kwa jina tangu ahamie.

"Adelard, wewe mjinga," akasema. "Mjinga mwenye kalamu, ambaye ni mbaya kuliko wote. Nilikupa mgongo wa mwanangu ukaufunika shikamoo. Ulitaka Wazungu wakuone muungwana. Na mie mjinga mwenzio, nikalia kwa raha kusikia kisima changu kwa Kiingereza, nikamfunga Kasiani mdomo. Mtani wangu, anayenipenda, alisema kweli mbele ya watu, mie nikamwambia kasoma magunia!" Sauti ikampasuka. "Kumi na viwili, Adelard. Mwanangu akichapwa, wewe ulikuwa unalinda adabu."

Adelard alilia pale uwani, mbele ya wanawake na kuku, kwa sauti. Kokuberwa alitoka akataka kumshika, Bi Mwajabu akamzuia kwa mkono. Walimwacha alie. Alipopenga kamasi, yule mama alikuwa amekwisha kukaa tena kwenye kibao chake.

"Umekwisha?"

"Nimekwisha."

"Leta karatasi."

"Tumwandikie nani, mama? Wamekwenda zao."

"Watakuja wengine. Na wasipokuja tutawafuata na barua zetu hukohuko. Yule mrefu ana kijitabu, tumtilie kitu cha kuandika."

Alileta karatasi na kalamu, akaketi, akainyoosha gotini. Mkono ukataka kwenda zake kulekule ulikozoea. Akauzuia, akabaki ameushikilia hewani, hajui sentensi huanzaje bila hodi.

Mbonde alikuwa akimtazama. Alifungua vifungo, akavua shati pole pole, akageukia ukuta ili karani aone anachoandika. Adelard akahesabu alama za viboko kwa macho mpaka kumi na mbili, akachovya kalamu, akaanza.